Msimu Bila Kilima

Jumatano, 3 Juni

Leo asubuhi nimepoteza kilima. Nasema hivyo hivyo bila kupamba: siku ya boti ya kwanza ya msimu, saa nne kasorobo, wageni kumi na mmoja wanahema nyuma yangu, nimefika kona ya juu nikakuta geti. Jumatatu halikuwepo. Mbao mpya, komeo, kufuli. Na nyuma ya geti wifi yangu, dada wa mume wangu, amekaa barazani kwake anachambua choroko kana kwamba sisi ni upepo.

Nikaita, "Wifi! Tumefika."

"Nawaona."

"Si ufungue basi."

"Leo hapana."

"Kesho je?"

Akainua uso akayatazama mawingu. "Tutaona mvua itasemaje."

Mvua! Tangu lini mvua ikawa msemaji wa ukoo?

Naanza daftari hili leo ili msimu ukiisha asitokee mtu akaniambia sikumbuki vizuri. Basi na yaandikwe. Matembezi ya matunda ya kisiwa hiki niliyaanzisha mimi. Nilikuwa nauza nanasi gatini, beseni moja, jua la utosi, hakuna aliyenishika mkono. Siku moja mgeni akaniuliza nanasi linaota kwenye mti wa namna gani. Nikacheka mpaka nikaona aibu, nikampeleka shambani akaone. Kesho yake wakaja watatu. Leo nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne, na wakala wa boti ananiweka ukurasa wa mbele wa kijitabu chake cha safari.

Matembezi yangu yana mpango wake na mpango huo ndio siri ya kazi. Tunaanza chini mtoni na bilimbi, kali mpaka jicho linafumba lenyewe. Tunapanda: pasheni, papai, fenesi, stafeli. Kadiri mlima unavyokwenda juu na utamu unapanda. Juu kabisa, kwa wifi, linakuja balungi, kwa sababu baada ya utamu wote huo ulimi umechoka na balungi linauosha. Mgeni anakula balungi huku anaona bahari pande mbili, huku imetulia kama maji ya kunawa, kule inapiga mwamba. Hapo ndipo anapotulia na kusema mwakani atarudi.

Sasa mwambie mtu huyo ageuke arudi, mdomo umejaa stafeli.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemuuliza mume wangu dada yake ana nini. Akasema, "Mimi simo." Akarudi kwenye randa yake. Ni fundi seremala, na randa ikianza kuimba hana masikio.

Jumamosi, 6 Juni

Sikai kulia. Nimepanga njia mpya: tunazunguka kilima kwa nyuma, tunaishia kwenye maporomoko madogo ya maji, fenesi likiwa la mwisho. Wageni tisa leo.

Fenesi la mwisho ni kosa, nimeliona mapema. Kabla ya kulipasua huwa nawapaka wote mafuta mikononi, maana utomvu wake ukikushika hauna msamaha. Bwana mmoja mwenye kofia pana, ambaye tangu chini alikuwa akitufundisha sisi nchi yetu, alikataa mafuta. Akasema mikono yake imezoea kazi. Dakika kumi baadaye kofia imenasa kiganjani, kiganja kimenasa kwenye ndevu, na mkewe anacheka amekaa juu ya mawe. Nimemtoa kwa mafuta ya kupikia na uvumilivu. Hakusema asante.

Wengine, kwa kushiba, walilala. Maporomoko yanamwagika, ndege wanaita, na watu sita kati ya tisa wanakoroma. Nimewaleta kuvuka bahari waje kulala kwenye majani!

Jumanne, 16 Juni

Mvua. Boti haikuja.

Jumatano, 17 Juni

Mvua. Nimetengeneza achari ya bilimbi.

Ijumaa, 19 Juni

Nimejua. Meneja wa hoteli ya ufukweni ameonekana akipanda kwa wifi, shati jeupe, kikapu mkononi. Mtu hapandi kilima kile na shati jeupe kwa ajili ya kuamkia. Kwa hiyo ndivyo ilivyo: hoteli inataka kilima, inataka matembezi yangu, na wifi ameshauza roho kwa kikapu cha biskuti.

Nimemwambia mume wangu. Akasema, "Dada hali biskuti."

"Kumbe umo?"

"Simo. Ila biskuti hali."

Jumapili, 21 Juni

Wageni saba. Fenesi nimelirudisha katikati, mwisho ni stafeli. Wanasema ni tamu. Tamu! Hata sukari ni tamu. Hakuna hata mmoja aliyetulia.

Alhamisi, 2 Julai

Nimepanda mwenyewe hadi getini. Sikuomba, nimeuliza tu, kama mtu na mtu.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Karibu uchukue ndizi, zimeiva nyingi."

"Sikujia ndizi."

"Basi."

"Utafungua lini?"

"Upepo huu ukigeuka, tutaona."

Mwezi uliopita mvua, mwezi huu upepo. Nikibaki hai nitaambiwa habari za mwezi na nyota. Nimeshuka na ndizi, mkungu mzima, maana aliupitisha juu ya geti ukaniangukia mikononi. Wageni wamezisifu sana. Sikuwaambia zimetoka wapi.

Jumanne, 7 Julai

Leo nimeingia stoo kutafuta bawaba za kabati la chumba cha tatu. Bawaba za shaba, jozi mbili, nilizibeba mwenyewe kutoka ng'ambo kwenye mkoba wa mkononi kwa kuogopa kutu. Hazipo.

Nikasimama pale stoo, na geti la wifi likaja machoni kama picha. Linang'aa kwenye maungio. Mbao zimeunganishwa kwa ulimi na mfereji, hakuna msumari hata mmoja unaoonekana. Ni nani kisiwani hapa anaunganisha mbao hivyo?

Nimekwenda karakana. Alikuwa anasugua mguu wa kiti.

"Baba watoto. Geti la dada yako limetengenezwa na nani?"

Akasugua.

"Nimeuliza."

"Dada aliomba mlango," akasema. "Mimi ni fundi."

"Na bawaba?"

"Zilikuwa zimekaa tu."

"Zilikuwa zinangoja kabati! Umemfungia mkeo njia kwa bawaba za mkeo!"

Akaweka msasa chini. Mume wangu akiweka kifaa chini ujue kuna sentensi inakuja. Akasema, "Mama watoto, mimi nimeoa wewe na nimezaliwa tumbo moja na yule. Mkitaka mnipasue, nitaleta msumeno mwenyewe. Lakini kaulizane naye habari ya balungi."

"Balungi gani?"

Akaokota msasa. Yamekwisha.

Usiku huu analala karakana. Si mimi niliyemfukuza, ni yeye alichukua mto.

Jumamosi, 11 Julai

Amerudi. Kabati limepata bawaba za chuma. Hatulizungumzii.

Ijumaa, 24 Julai

Amekuja mwalimu mstaafu. Ni mgeni wangu wa kila mwaka, mama mwembamba mwenye kofia yake ya ukili na magoti yanayolia akipanda ngazi. Huu ni mwaka wake wa tano. Nilimwandalia chumba kinachotazama bustani, nikamkatia papai, nikakaa nipokee sifa.

Akala kipande kimoja. Akaniuliza, kwa Kiswahili alichojifunza mwaka mzima huko kwao, polepole kama mtu anayevuka mto kwenye mawe: "Yule mama wa juu, hajambo?"

"Hajambo. Lakini mwaka huu hatupandi."

Uso ukamshuka. Nikamwambia tuna maporomoko, tuna njia mpya yenye kivuli kizuri kwa magoti yake. Akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akasema, "Mimi nimekuja kumwona yeye."

Miaka mitano nimemmenyea. Miaka mitano nimempaka mafuta mikononi kama mtoto mchanga. Kumbe nilikuwa nambebea mtu mwingine mgeni.

Jumamosi, 25 Julai

Mwalimu ametoroka matembezi yangu. Tulipofika kwenye stafeli niliwahesabu: watu wanane, walitakiwa tisa. Amerudi jioni na balungi zima kwapani na majani kwenye sketi.

"Umepitia wapi?"

"Juu."

"Geti je?"

Akatabasamu. "Geti ni zuri. Kazi nzuri ya mbao."

Mezani hakusema waliongea nini. Alilimenya balungi taratibu, akagawa kwa wote, mimi akanipa kipande kikubwa. Halafu akaniuliza, mpole kabisa, lakini jicho lake la ualimu limeniganda: "Mama, yule nahodha, alikuwa mtu wa nchi gani?"

Nikasema sikumbuki. Balungi lilinipalia.

Jumapili, 26 Julai

Basi niandike na hili.

Wageni hawajui Kiswahili na wifi hajui lugha yao. Kwa hiyo kule juu yeye huongea na mimi hutafsiri. Msimu wa kwanza aliwaambia mbalungi ule ulipandwa na mama yao, mama mkwe wangu. Niliona macho ya wageni yanateleza. Mama wa mtu kapanda mti, kila mtu ana mama. Nikawaambia ulipandwa na nahodha. Meli ilivunjikia mwambani, akaogelea hadi pwani na balungi moja, akalipanda kileleni ili meli ya kumtafuta ilione. Wakashika vinywa! Kamera zikatoka. Tangu hapo nahodha amekuwa wa kwetu. Msimu wa pili nikampa jeraha la bega.

Huko ni kutia chumvi, si kuiba. Kila mwenye biashara hutia chumvi.

Lakini wifi amejuaje?

Alhamisi, 30 Julai

Mwalimu ameondoka. Gatini amenishika mikono yote miwili, akasema, "Panda." Neno hilo moja. Hata sarufi hakuhangaika nayo.

Jumatano, 5 Agosti

Wageni kumi na watatu, wengi kuliko siku zote msimu huu. Isiandikwe popote kwamba bila kilima mimi nimeanguka. Vyumba vimejaa, bilimbi limewaliza wote, na bibi mmoja ameomba kuolewa na fenesi.

Walipouliza juu kuna nini, nikasema kuna shamba la mtu.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimekutana na meneja wa hoteli dukani. Nikamrushia, "Hongera kwa kilima." Akacheka kwa uchungu. Kumbe alipanda mara tatu. Alitaka kuweka viti na miavuli pale juu. Mara ya kwanza aliambiwa mvua, ya pili upepo, ya tatu aliambiwa kunguru wakihama. Kikapu alirudishiwa na biskuti zake, zimehesabiwa.

Nimecheka njia nzima. Nilipofika nyumbani kicheko kimeisha, maana kama si hoteli basi ni mimi.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimepanda. Asubuhi, peke yangu, manyunyu yananipiga usoni. Sikubeba kitu, maana ukibeba kitu unaonekana umekwenda kuomba.

Getini nikashika kufuli niligonge. Lilikuwa linaning'inia tu, halijabanwa. Sijui tangu lini. Nikasukuma, bawaba zangu zikafunguka bila hata kulia.

Wifi alikuwa barazani. "Umekuja na wageni?"

"Nimekuja na miguu yangu."

"Kaa basi, inalowa."

Akamenya balungi. Ana namna yake: analichana ngozi kama anafungua zawadi, ule utando mweupe anautoa wote. Tukala. Manyunyu yakawa mvua, bahari zote mbili zikapotea, tukabaki sisi na mti.

Akasema, "Haya. Nahodha ni nani?"

"Wifi, ile ni biashara."

"Nimeuliza ni nani."

"Ni hadithi tu. Wageni wanapenda hadithi."

"Mimi niliwaambia mti huu aliupanda mama, mwaka aliomzaa kaka yangu, kwa mbegu aliyoitema mwenyewe pale ulipo. Wewe ukawaambia ni mwanamume katoka baharini, kaogelea na balungi kwapani."

"Kifuani," nikasema, kabla akili haijanishika mdomo.

Akaniangalia. Nikatazama choroko zake.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Misimu saba wanakaa hapo hapo ulipokaa wanazungumza. Ulidhani haya masikio ni ya kutundikia hereni?" Na akaanza. Akaisema hadithi ya nahodha yote kwa lugha ya wageni, tangu mwamba mpaka jeraha la bega. Sauti ni yangu, pumzi ni zangu, hata ule mkono ninaoupeleka baharini nikifika kwenye meli aliupeleka. Nilijisikia. Sijawahi kujisikia. Naongea kama mtu anayeuza blanketi.

Hasira ikanipanda, na naona mpaka sasa ilikuwa na haki yake.

"Misimu saba umekaa kimya! Ungeniambia msimu wa kwanza, huyo nahodha asingepata hata mguu wa kuogelea! Nimuue vipi na sijui kama anakukera?"

"Nilingoja umchoke mwenyewe."

"Halafu ukafunga siku ya boti ya kwanza, mbele ya watu kumi na mmoja!"

"Hapo kweli siku ilikosewa," akasema. "Ilikuwa nifunge wiki moja kabla, upate nafasi ya kujipanga. Mumeo akachelewesha bawaba."

Nilitaka kubaki na hasira. Nilijitahidi. Kicheko kilinitokea puani na balungi ndani yake, na yeye mabega yakaanza kumtetema, tukacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha akarudi kwenye balungi. Akauliza kwa sauti ya chini, hana ugomvi:

"Wifi, lile beseni la nanasi, la kwanza kabisa. Lilikuwa la nani?"

Nikaokota mbegu ya balungi sakafuni.

Lilikuwa la mama mkwe. La bluu, lina ufa ukingoni ameuziba kwa lami. Alinipa asubuhi moja, akanipa na kitambaa cha kichwa, akasema nisikae upande wa samaki, nzi watanifukuzia wateja. Ushauri huo ndio uliniuzia nanasi siku ya kwanza. Nilisema daftari hili halitadanganya, basi na ukurasa wa kwanza ujue.

Kabla sijashuka nikamwambia ninachotoa, kwa sababu sikupanda kulia. Nahodha basi. Tukifika getini mimi nanyamaza, wageni wanaingia kwake, anaongea nao mwenyewe kwa lugha yao. Habari ya mti ni yake, baraza ni lake, asiyetaka kupigwa picha hapigwi. Mimi nachukua kuanzia mtoni hadi getini, yeye kuanzia getini hadi juu, na kazi inakuwa ya wawili.

"Unasemaje?"

Akatoka hadi ukingo wa baraza, akakinga kiganja nje. "Ikikatika, tutaona."

Nilishuka kilima kile nikizungumza peke yangu.

Jumamosi, 22 Agosti

Wageni kumi. Nimewafikisha getini. Sikuingia, maana sijaambiwa ndiyo. Lakini nimewasimamisha pale, mti unaonekana juu ya geti, nikawaambia uliota kutokana na mbegu aliyoitema mwanamke mjamzito aliyekuwa na hamu ya kitu kichachu. Alikuwa mama mkwe wangu. Nilitegemea macho yateleze.

Mama mmoja akauliza, alikuwa mtu wa namna gani?

Nilianza na beseni. Nilipomaliza tulikuwa tumerudi mtoni, na hakuna aliyelala.

Jumapili, 30 Agosti

Boti mbili leo. Sina nafasi.

Jumanne, 8 Septemba

Wakala wa boti amekuja na kijitabu cha msimu ujao, bado hakijachapwa. Kalamu sikioni. "Bosi, ukurasa wako huu. Nikiweke kilima au nikikate?"

"Kiache kwanza."

"Mtambo wa kuchapa haujui kwanza. Jumamosi saa sita mchana nakipeleka. Nikikikata, kimekatwa mwaka mzima."

Nimempa chai. Nimempa na achari, apate kuchelewa.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimemtuma mume wangu kwa dada yake. Alisema yeye hamo. Nikamwambia aliyefunga geti yumo mpaka kwenye bawaba. Nimeandika maneno haya kwanza hapa, nikayanakili kwenye karatasi, amekwenda nayo mfukoni pamoja na futi kamba yake.

Wifi yangu,

Msimu umekatika. Sikupoteza mgeni hata mmoja kwa kukosa kilima chako, na hilo nakwambia ili ujue siombi kwa njaa. Nakihitaji kwa sababu matembezi yangu yanaishia mdomoni na yalikuwa yanaishia moyoni, na kwa sababu kuna mwalimu mmoja mwenye magoti mabovu ambaye mwakani atavuka bahari kwa ajili yako.

Nahodha nimemzamisha. Safari hii hakufika pwani.

Beseni la mama ninalo bado. Lipo chini ya kitanda changu, ufa na lami yake. Nikisikia ndiyo, litapanda juu, tutakuwa tunapakulia balungi ndani yake, na wewe ndiye utakayewaambia wageni lilikuwa la nani.

Ukisema hapana, nitapokea hapana. Nitakuwa na hasira mpaka mwezi wa pili, kisha nitakuja kula ndizi kama kawaida. Lakini nataka neno moja. Mvua imekwisha, upepo umegeuka, na kunguru nimewaona kwa macho yangu wakihama asubuhi ya leo, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kukusemea.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, nitakuwa gatini na wakala, kalamu yake imefunguliwa. Shuka au mtume kaka yako. Ndiyo, au hapana?